Tathmini Si Kazi ya Septemba: Maswali na Majibu ya Elimu Maalum

SWALI: Mwanangu yuko Kidato cha Nne. Tangu shule ya msingi kusoma kunamtesa: herufi anazigeuza, mstari mmoja anaurudia mara tatu. Ukimsomea wewe, anajibu vizuri kabisa. Mwalimu ananiambia anaweza kuongezewa muda kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Septemba hii niende wapi? – Mama, Kisauni

JIBU: Umechelewa, mama, ingawa walimu waliomwona hivyo miaka yote wakamwita mvivu wamechelewa zaidi yako. Mahitaji maalum ya mtahiniwa huingizwa shule inapomsajili, mwanzoni mwa mwaka, yakiambatana na ripoti ya kituo cha tathmini, yaani EARC. Mwone mwalimu mkuu kesho asubuhi aliandikie baraza la mitihani, KNEC, lakini mtoto usimwahidi kitu.

Sasa wenye watoto Gredi ya 10 na Kidato cha Tatu, nisikilizeni, maana swali hili hunijia kila mwaka na kila mwaka hunijia Septemba. Kuna karatasi mbili, na moja haisimami mahali pa nyingine. Ripoti ya madaktari wa hospitali ya serikali ni ya kukupatia kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ripoti ya EARC ndiyo inayosema mtoto anajifunza vipi na asaidiwe vipi darasani na kwenye mtihani. Mzazi anafika shuleni na kadi mkononi, anaulizwa ripoti, anaanza kugombana na karani. Karani hana kosa.

Kabla ya EARC, mpeleke akapimwe macho na masikio. Wapo waliodhaniwa hawajui kusoma, kumbe ubao hawauoni. Kisha beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula na madaftari yake ya kila siku, yaliyochafuka hivyo hivyo. Msimnakilishe upya. Mtathmini anataka kuona mahali alipoandika “masaki” akikusudia “samaki”. Daftari safi lililonakiliwa na dada yake halimwambii chochote.

Ukipewa ripoti, isome kabla hujatoka mlangoni. “Anahitaji msaada” ni maneno matupu. Yaandikwe mambo yanayotekelezeka: aongezewe dakika 30 kwa kila karatasi, aandikie chumba tulivu, maswali ya darasani asomewe kwa sauti. Halafu shule ianze kumpa hayo kwenye mitihani ya muhula. Mtoto anayepewa msaidizi kwa mara ya kwanza siku ya KCSE hupoteza nusu saa akimwonea haya.

Na ile tuition ya jioni ya kunakili noti, acheni. Mwenye tatizo hili hufundishwa sauti za herufi na silabi kwa mpango, dakika 20 hadi 30 kila siku. Kunakili anakujua tayari.

SWALI: Shule gani ya walemavu ni nzuri hapa Mombasa? – Msomaji, Mvita

JIBU: Ulemavu gani? Wa umri gani? Ziwani ni ya viziwi, Likoni ni ya wasioona, Port Reitz ni ya wenye ulemavu wa viungo, Tom Mboya ni ya wenye mtindio wa ubongo. Mtoto asiyeona ukimpeleka Ziwani kwa kuwa “ni ya walemavu”, umempotezea mwaka. Niulize tena ukiwa na ripoti.

SWALI: Binti yangu ni kiziwi na anasoma shule ya kawaida. Mwalimu wa Kiswahili anasema lazima afanye Insha na Fasihi kama wenzake. Ni kweli? – Baba, Jomvu

JIBU: Si kweli. Lugha ya Ishara ya Kenya ni somo la KCSE, na mtahiniwa kiziwi huifanya mahali pa Kiswahili. Shule imsajili hivyo mapema, na iwe imemfundisha. Kuijua lugha nyumbani hakukufaulishi mtihani wake.

Hukuuliza kuhusu mkalimani lakini nitasema. Mkalimani si mwalimu, wala si wa kumfanyia mtoto kazi. Husimama karibu na mwalimu na ubao ili binti aone vyote kwa pamoja, na kamwe dirisha lisiwe nyuma yake, maana jua la Mombasa humgeuza kivuli na mikono haisomeki. Maabara ndiko kunakoharibika zaidi. Mwalimu anaeleza huku akimimina, na binti hawezi kutazama bureti na mikono kwa wakati mmoja. Mwalimu aeleze kwanza, anyamaze, ndipo amimine. Kwa wenzake ni sekunde chache tu. Kwake ndiyo tofauti ya kupata somo na kulikosa.

SWALI: Kifaa cha kusikia cha mwanangu kinakula betri kila wiki mbili, na siku hizi kinapiga mluzi. Niliuziwa kibovu? – Mama, Likoni

JIBU: Betri namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa, kudumu wiki moja hadi mbili ni kawaida yake. Hizi ni betri za zinki zinazotumia hewa. Ukishabandua kibandiko imeanza kazi, na kukirudisha hakuizimi. Bandua, iache dakika moja ivute hewa, ndipo uifunge ndani.

Adui wako mkubwa ni jasho na unyevu wa pwani. Usiku fungua mlango wa betri, weka kifaa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika vya kukausha. Mchele hapana, vumbi lake huingia kwenye matundu. Kipande cha sikioni kitenganishe na kifaa, ukioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Kifaa chenyewe kisiguse maji.

Mluzi mara nyingi ni kipande cha sikioni kimekuwa kidogo. Mtoto anakua na sikio lake linakua, kitengenezwe kipya. Kwa wasichana kuna sababu nyingine watu huisahau: hijabu nzito iliyobana sikio hurudisha sauti kwenye maikrofoni, kikapiga mluzi na kukwaruza siku nzima. Kitambaa chepesi, kilegezwe hapo sikioni.

SWALI: Kuna dawa ya kuponya usonji?

JIBU: Hakuna. Anayekuuzia mfukuze.

SWALI: Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu, anataka mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) Gredi ya 10. Shule inasema maabara iko orofani, achague Sayansi ya Jamii. – Baba, Changamwe

JIBU: Mkondo huchaguliwa kwa uwezo na hamu ya mtoto, ngazi hazina kura. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na wengine. Peleka ombi kwa maandishi, nakala ibaki kwako imegongwa muhuri. Maneno ya ofisini husahaulika mkishaagana.

Usiende kulalamika tu, nenda na vipimo. Njia ya mteremko huhitaji urefu mara 12 ya kimo chake: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mita 1.8. Fundi wengi hutupa saruji nusu mita wakaondoka, na hapo kiti hurudi nyuma na mtoto ndani yake. Mlango upitike kwa upana wa sentimita 80 hadi 90. Meza ya kawaida ya maabara iko juu mno kwake. Moja ipunguzwe hadi kama sentimita 75 na chini yake paachwe wazi magoti yaingie. Maabara ikishindikana kushushwa, vifaa vya somo vishushwe darasa la chini siku za majaribio.

Na choo, kiulizie kabla ya maabara. Mtoto asiye na choo haachi kwenda haja, huacha kunywa maji mchana kutwa. Kwa joto letu hilo ni ugonjwa.

SWALI: Mwanafunzi wangu wa bweni ana kifafa, na Ramadhani anafunga. Hugawanya dawa mwenyewe. Nifanyeje? – Mwalimu, Nyali

JIBU: Amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingine zinaweza kupangwa daku na futari, nyingine haziwezi, na anayeamua ni daktari. Kuruka dozi na kukosa usingizi ndivyo vinavyoleta degedege. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua. Shekhe wa msikiti wenu atamweleza akimuuliza.

Akianguka, mlaze ubavu, legeza kola, tazama saa. Kijiko mdomoni marufuku. Zikipita dakika tano, hospitali. Na msiite mapepo mbele ya wenzake.

SWALI: Mwanangu ana ualbino, amewekwa mbele lakini ubao bado haoni. – Mama, Kisauni

JIBU: Mbele, lakini karibu na dirisha, sivyo? Mwangaza ndio unaompofusha. Ahamie katikati, dirisha liwe nyuma au kando yake, na avae kofia hata darasani. Karatasi zake zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18. Kuikuza A4 kwa fotokopi iwe A3 ni uvivu: ukurasa unakuwa mpana, anapoteza mstari.