Usinunue mashine kwa hofu ya Call of Duty

Mdogo wangu, nimekuelewa: akiba yako inatosha konsoli moja (mashine ya gemu), moyo uko kwa PlayStation 5 (PS5) ya Sony, ila unaogopa kwamba Microsoft, wenye konsoli ya Xbox, baada ya kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya gemu ya vita Call of Duty, itakuondolea gemu hiyo.

Hiyo hofu iache. Mwaka 2023, kabla ununuzi huo wa karibu dola bilioni 69 haujakamilika, Sony ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuibakiza Call of Duty kwenye PlayStation. Minecraft nayo Microsoft iliinunua 2014 na haikuiondoa PlayStation. Gemu inayouzwa kila mahali mara nyingi ina faida kubwa kuliko iliyofungiwa kwenye konsoli moja. Hata Forza Horizon 5, gemu ya magari na fahari ya Xbox, ilifika PS5 mwaka 2025.

Nintendo ndiyo haipeleki gemu zake kwenye konsoli za wengine: gemu kuu za Mario na Zelda utazipata kwenye konsoli zake tu. Sony imetoa baadhi ya gemu zake kwenye kompyuta, lakini mara nyingi baadaye.

Kwa hiyo andika gemu 5 unazozitaka kweli, uone zipo wapi. Waulize na rafiki zako wanachezea konsoli gani. Mimi nilipuuza hilo, nikacheza peke yangu miezi mingi.

Bajeti ikibana, chukua yenye sehemu ya diski, maana gemu ya diski utaiazima na kuiuza. Xbox Series S haina. Ukipata iliyotumika, fundi aikague kabla hujalipa. Akaunti za bei chee za kuchangia usiguse, zikifungiwa gemu zote zinapotea.