Mchanga wa kichujio usitupwe ovyo

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye mitambo ya maji hapa Mombasa mtafundishwa sana kupima maji yanayoingia na yanayotoka. Habari za kinachobaki kwenye kichujio mtaambiwa kidogo tu, na hapo ndipo ninapowaomba mtie bidii.

Maji ya kisima hupita kwenye mawe, na mawe yana urani na thoriamu, metali zenye mionzi, tangu kuumbwa. Thoriamu ni nzito kuyeyuka, lakini radiumu, metali nyingine yenye mionzi inayotokana na hizo mbili, huyeyuka, hasa maji yakiwa ya chumvi. Visima vya chumvi huku Pwani tunavyo tele, na Kwale kuna kilima cha Mrima kinachojulikana kwa thoriamu yake. Basi pimeni. Msiwatishe wateja kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Hakuna mtambo unaoiua radiumu, unaihamisha tu. Mchanga wa kuondoa chuma na manganizi huidaka sana, hata kama kichujio kiliwekwa kwa ajili ya kutu peke yake. Fanyeni hesabu. Chukueni maji yenye bekereli 0.1 (bekereli ni kipimo cha mionzi) za radiumu-226, aina inayotokana na urani, kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni bekereli 1. Bauza moja la lita 10,000 lina bekereli 1,000. Zikinaswa zote na kilo moja ya mchanga, mmeshafika bekereli 1 kwa gramu, kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki hukitumia kuamua kama madini ya asili yawekwe chini ya udhibiti. Na kilo hiyo hupitisha mabauza mangapi kabla ya kubadilishwa? Mteja anakunywa maji salama, huku nyuma ya mtambo kuna rundo ambalo baada ya miaka 1,600 litakuwa bado na nusu ya radiumu yake.

Rundo hilo mafundi watakuja kuliomba wachanganyie simenti. Msiwape. Wala maji ya kuoshea kichujio msiyaelekeze kwenye shimo la choo: mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji hupenya upesi yakafika kwenye visima vya majirani.

Tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 na mamlaka yake. Kwa maoni yangu udhibiti uanze siku ya kununua kichujio: anayeomba kibali aonyeshe mchanga utakapopelekwa ukichoka, na nani atalipa.

Mkichota sampuli, chukueni ya juu na ya chini. Ikaushwe ndani ya oveni, si uani kwenye upepo. Mionzi ya alfa, ile inayotolewa na radiumu, huzuiwa na ngozi, lakini vumbi likiingia mapafuni ni jambo jingine. Kisha ifungwe isipitishe hewa, ikae kama wiki 3 kabla ya kupimwa, la sivyo radoni, gesi yenye mionzi inayozaliwa na radiumu, itatoroka na hesabu itatoka ndogo kuliko ilivyo. Juu ya kila pipa andikeni tarehe, uzito na lita zilizopita. Na kabla ya kuingia chumba cha vichujio, fungueni milango na madirisha hewa itembee kwanza, radoni itoke.