Weka heda kabla ya chain.doFilter, sio baada

Hii kitu ilinisumbua karibu wiki mbili hapa Kisumu na sitaki imsumbue mtu mwingine anayeandika Java. Nilikuwa nimetengenezea sacco moja potali ya wanachama, wengi hawana kompyuta kwa hivyo wanaingilia kwa saiba huko Kondele. Siku moja napigiwa simu, mama mmoja amelogauti vizuri kabisa akaenda zake, kijana aliyekaa kwa ile mashine baada yake akabonyeza kurudi nyuma na stetmenti yote ya mama ikatokea, akiba, mkopo, kila kitu. Iliniuma sana, hizo ni pesa za mtu na siri zake.

Na heda, yaani yale maelezo yanayotangulia ukurasa sava ikiutuma, nilikuwa nimeiweka jamani, Cache-Control: no-store, ile ya kuikataza brauza isiweke nakala, ndani ya filta, kodi inayopitiwa na kila ombi, na nikifungua ukurasa wa salio naiona iko. Stetmenti ndio haikuwa nayo. Nililaumu brauza, nikalaumu mashine za saiba, mpaka nikapiga curl -i, amri inayoonyesha ukurasa pamoja na heda zake, kwa kurasa zote mbili nikaziweka kando kwa kando, nikaona mbali na hiyo heda kinachozitofautisha ni urefu tu.

Shida ilikuwa mahali nimeandika setHeader, ile ya kuweka heda, chini ya chain.doFilter, mstari unaopitisha ombi mbele kwa servlet, kodi inayotengeneza ukurasa wenyewe. Ukifika hapo servlet imeshaandika jibu lake. Tomcat, sava inayoendesha hizo servlet, hukusanya jibu kwenye bafa, kawaida ni baiti 8192, ikijaa inaanza kutuma na heda ndizo hutangulia. Salio ni fupi, bafa haijai, heda yangu inawahi. Stetmenti ya miaka mitatu inaijaza mapema, na hapo setHeader inapuuzwa kimyakimya, hakuna eksepsheni, logi haina neno.

Sasa wewe weka heda kwanza ndio uite chain.doFilter, na ukijaribu tumia ukurasa mrefu kuliko zote ulizonazo. Kama lazima uguse heda baadaye, uliza response.isCommitted(), inayokuambia kama jibu limeshaanza kutumwa, na uandike kwa logi angalau ujue umechelewa. Halafu usidhani no-cache inatosha, hiyo inaruhusu brauza kuweka nakala mradi iulize sava kabla ya kuitumia tena, inayokataza kuweka ni no-store.

Baada ya kurekebisha nilienda Kondele mwenyewe, nikafungua stetmenti ndefu, nikalogauti, nikabonyeza kurudi nyuma. Ikaja fomu ya kuingia, tupu.