ARV peke yake haitoshi: kwa ninyi mnaoanza kuhudumia wenye VVU hapa Goma

Karibuni kazini. Wengine mmetoka shule ya uuguzi juzi juzi, wengine ni mareko (wahudumu wa afya wa kujitolea) wa kartie, wengine mnaishi na virusi ninyi wenyewe na mmekuja kuwashika mkono wanaoanza dawa. Miaka niliyokaa kwenye huduma hii imenifundisha jambo ambalo natamani kila mmoja wenu aanze nalo: mtu anaweza kumeza kidonge chake kila jioni bila kukosa, halafu akauawa na maji ya kunywa. Au malaria. Au kifua kikuu ambacho hakuna aliyemuuliza habari zake.

Kila kimoja kati ya hivyo kina kinga yake, na nyingi ni za bei ndogo: kidonge cha klorini, chandarua chenye dawa, kotrimoksazoli (watu wetu huiita Bactrim), isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu. Tatizo ni kwamba tunazitoa vipande vipande. Leo Bactrim, chandarua siku kitakapoletwa, maji tukikumbuka. Zitoeni pamoja, siku ileile mtu anapoanzishiwa ARV, kwa sababu kila moja huongeza nguvu ya mwenzake. Wenzetu wa Tororo, mashariki mwa Uganda, walilipima jambo hili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Watu wenye VVU walipoanza kotrimoksazoli, malaria ilipungua kwa asilimia 76. Ilipoongezwa ARV, upungufu ukafika asilimia 92. Vilipoongezwa vyandarua, 95. Miaka miwili kabla ya hapo, Tororo hiyohiyo, kabla hata ya ARV kuwafikia watu wale, kotrimoksazoli peke yake ilipunguza vifo kwa asilimia 46. Mkisikia mtu anasema Bactrim ni dawa ya zamani isiyo na maana, mpeni hesabu hiyo.

Sasa, mnaanzia wapi? Mimi huanza na maji na chandarua, na nina sababu. Dawa za kumeza zina siri ndani yake, maji hayana. Mji huu nyumba za mbao zimebanana juu ya mawe ya volkano, na familia nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, watu wanane chumba kimoja. Mwanamke ambaye hajamwambia mume wake hali yake hawezi kuweka chupa ya ARV mezani. Lakini akirudi na vidonge vya klorini na chandarua, nyumba nzima inashukuru na hakuna anayeuliza. Umemlinda bila kumfichua, na watoto wake pia umewalinda. Ile imani aliyoipata siku hiyo ndiyo itakayomfanya siku nyingine akuulize mambo mazito.

Kwenye maji nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Goma inapotuumiza. Wengi wanachota ziwani, na kipindupindu hakijawahi kutuaga katika ukanda huu wa Kivu. Pale ukingoni, kwenye vituo vya klorini, mhudumu huingiza dawa kwa sindano ndani ya bidoni (dumu la maji) kabla haijapanda kichwani au kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini twende hadi nyumbani. Nilimtembelea mama mmoja kule Ndosho aliyekuwa akiharisha kila mara, ingawa dawa zake alizimeza vizuri. Nikamuuliza, "Mama, maji ya kunywa ni yapi?" Akanionyesha bidoni ya njano, imefungwa vizuri. Nikamwomba anipe ya kunywa. Hakumimina kutoka kwenye bidoni. Alichota kwa kopo kwenye beseni lililokuwa wazi karibu na mlango, ambalo ndimo bidoni ilikuwa imemwagwa asubuhi, na mtoto wake mdogo alikuwa ameingiza mkono humo hadi kwenye kiwiko. Maji yalitoka ziwani yakiwa na klorini. Uchafu uliingia ndani ya nyumba.

Kwa hiyo msiishie kuuliza "mnatibu maji?", maana wote watajibu ndiyo. Ombeni maji ya kunywa, muangalie mkono unaelekea wapi. Maji ya kunywa yabaki kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, yamiminwe, yasichotwe. Na someni pakiti ya vidonge kabla ya kuitoa: kuna kidonge cha litre 1 na kuna cha litre 20, na vinafanana sana. Mwelezeni mama kwa bidoni yake mwenyewe, si kwa maneno. Baada ya kutia kidonge, asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, ayachuje kwanza kwa kitambaa safi na kuzidisha dawa kama pakiti inavyosema. Na mfundisheni mapema kuchanganya chumvichumvi ya kumpa mtu anayeharisha (ORS): pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi litre moja. Mtu mwenye VVU akianza kuhara maji maji usiku, wakati barabara haipitiki, pakiti hiyo itamfikisha asubuhi.

Chandarua ni rahisi zaidi, ila mtasikia watu wakisema Goma ni baridi, tuko mita 1,500 juu, mbu hawapo. Wapo. Tazameni tu daftari la malaria la kituo chenu. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kulalia, la sivyo dawa huwasha ngozi na watu hukitupa pembeni. Kioshwe kwa sabuni ya kawaida, kikaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa iliyomo. Mkikuta kimetandazwa nje kuanikia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, msigombe. Ulizeni watoto wanalala wapi na kama kuna misumari ya kukifungia, kisha saidieni kukitundika palepale. Chandarua kilichobaki ndani ya mfuko hakimzuii mbu yeyote.

Tuje kwenye Bactrim. Mtu mzima humeza miligramu 960 mara moja kwa siku, kidonge kimoja kikubwa au viwili vya 480. Humkinga na nimonia, na ugonjwa wa ubongo wa toksoplasma, na aina fulani za kuhara, na kama mlivyoona, na malaria. Mwelezeni tangu siku ya kwanza: akiona vipele vinavyoenea, ngozi inachubuka au vidonda mdomoni, aache na aje mbio. Na jambo hili likumbukeni kwenye kliniki ya wajawazito: mama aliye kwenye kotrimoksazoli hapewi Fansidar ya kuzuia malaria. Dawa hizo mbili ni za jamii moja na zikikutana humletea madhara. Ulizeni kabla ya kumpa, na ulizeni kwa sauti ndogo, maana pale kwenye foleni jirani yake anasikiliza.

Kuhusu sauti, chupa ya vidonge inapolia ndani ya mkoba, mwanamke anaacha kuibeba. Wekeni pamba safi ndani ya chupa, inyamaze. Ni jambo dogo lakini nimeona limewarudisha watu kwenye dawa.

Kifua kikuu kina maswali manne, nayo ni ya kila ziara, hata mgonjwa akiwa amenenepa na anacheka: unakohoa? una homa? umepungua uzito? unatoka jasho usiku? Likipatikana "ndiyo" moja, kinga ya kifua kikuu inasubiri kwanza, makohozi yanaenda kupimwa. Yakiwa "hapana" yote, anapewa isoniazidi, miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi, au akitapika bila kukoma, aache na aje. Muulizeni pia kuhusu pombe, bila kumhukumu. Anayekunywa kasiksi au lutuku kila siku ini lake lina kazi tayari, na ni lazima mjue kabla ya kuliongezea. Na akikutwa na kifua kikuu chenyewe, dolutegraviri yake (moja ya dawa za ARV) haibaki ilivyokuwa: rifampisini, dawa ya kutibu kifua kikuu, huishusha nguvu, kwa hiyo anaongezewa miligramu 50 nyingine, saa 12 baada ya ile ya kwanza.

Chakula msikihubiri sana. Kumwambia mama aliyefukuzwa na vita ale nyama na maziwa ni kumwongezea huzuni. Zungumzeni kuhusu anavyoweza kupata: maharagi, sombe (majani ya muhogo), sambaza kidogo pesa ikiwepo. Wanawake wote wenye VVU wapelekwe kupimwa mlango wa kizazi, kwa sababu hatari yao ya kansa hiyo ni takriban mara sita ya wengine, na kipimo cha siki ni cha dakika chache tu. Na yule anayefika kwenu amekonda sana, anaumwa kichwa siku nyingi, shingo ngumu, huyo si wa vifurushi vya kinga. Huyo ni wa hospitali, leo hii, na mmoja wenu amsindikize.

Jambo la mwisho ni akiba. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, watu walitawanyika, kambi zikaachwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Waliokuwa na dawa za mwezi mmoja nyumbani waliteseka kwa namna ambayo sipendi kuiona tena. Kwa hiyo yule aliyetulia kwenye dawa mpeni ya miezi mitatu, au sita stoku ikiruhusu, na Bactrim yake iende pamoja na ARV, idadi ileile ya siku, ili asirudi kwa moja na kukosa nyingine. Ongezeni vidonge vya maji vya muda huohuo. Halafu mwandikieni karatasi ndogo: majina ya dawa, kipimo, tarehe aliyoanza, matokeo ya mwisho ya wingi wa virusi. Msiandike jina la ugonjwa. Aishone ndani ya pindo la kitenge au aiweke pamoja na karti ya mpiga kura. Akifika Minova, Bukavu au ng'ambo Gisenyi, muuguzi atakayeifungua ataelewa, na atampa dawa bila kuanza upya.