Laini moja ya umeme ikitripu, yaani ikijikata ghafla, nyingine hufuata kwa nini?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, kwetu ni Masasi. Kwenye mradi wangu nimetoa laini moja moja katika modeli ya gridi. Kila mara, nikijumlisha uwezo wa laini zilizobaki, unatosha mzigo. Msimamizi anasema bado sijachambua chochote. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba. Tatizo ni huko kujumlisha. Umeme haujali laini ipi ina nafasi. Unagawanyika kwa kufuata riaktansi, yaani ukinzani wa laini kwa mkondo geu: iliyo na ndogo hubeba zaidi.

Chukua laini tatu sambamba zinazopeleka megawati (MW) 300, zenye riaktansi ya omu 10, 15 na 30. Zitabeba MW 150, 100 na 50. Ya kwanza ikitripu, mbili zilizobaki zinabeba 200 na 100. Sasa kikomo cha ya pili kiwe MW 190, na cha ya tatu 130. Jumla ni 320, kwa hesabu yako mambo shwari. Kumbe ya pili imezidiwa kwa MW 10! Rilei, kifaa cha ulinzi kinachokata laini, ikiitoa, MW 300 zote zinaiangukia laini ya 130, na giza linaingia. Ungewahi kupunguza mzigo kwa MW 15 tu, ya pili ingebeba 190 kamili na wateja wa MW 285 wasingejua kama kuna jambo.

Kwa hiyo usiishie hatua ya kwanza. Toa laini, kokotoa, toa zilizozidiwa, kokotoa tena, mpaka mtandao utulie au uzime.

Kisha weka muda. Waya uliozidiwa hupata joto, hulegea, hushuka kuelekea miti. Italia ilipozimika tarehe 28 Septemba 2003, laini mbili za upande wa Uswisi zilitoka zikipishana kwa dakika 24 hivi. Hizo ni dakika nyingi kwa aliyeko chumba cha kuongozea gridi, mradi ajue la kufanya. Baada ya hapo laini nyingine za kuingia Italia zilifuatana kwa sekunde.

Weka na rilei, ambazo wanafunzi wengi huzisahau. Marekani, tarehe 14 Agosti 2003, laini ya Sammis–Star huko Ohio ilitolewa na rilei ya umbali (hukadiria hitilafu iko mbali kiasi gani kwa kulinganisha volti na mkondo) iliyoona mkondo mkubwa na volti ya chini ikadhani kuna hitilafu. Hitilafu haikuwepo, ulikuwa mzigo tu. Watu wapatao milioni 50 walikosa umeme siku hiyo.

Kwetu kusini sura ni nyingine. Mtandao wa Mtwara na Lindi ulianza peke yake, ukitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, na laini ya kilovolti 132 inayokwenda Mahumbika, Lindi, haikuwa na njia sambamba ya kuisaidia. Katika mtandao wa namna hiyo zinazofuatana kuanguka ni mashine za kuzalisha umeme. Tano zikiwa na MW 2 kila moja, moja ikitoka, nne zinadaiwa 2.5. Zikishindwa, frikwensi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) inashuka chini ya 50 Hz, na rilei ya mashine inaitoa ili isiharibike, wakati ndipo inapohitajika zaidi. Hakikisha rilei za kupunguza mzigo kwenye fida (laini za kusambazia wateja) zimewekwa kwenye frikwensi ya juu kidogo kuliko rilei za mashine, zitangulie kufanya kazi. Ukipanga kuunganisha modeli yako na laini ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru hadi Masasi, pima hali zote mbili: mtandao ukiwa umeungana na gridi ya taifa, na ukiwa umeachwa peke yake ghafla.