Shangazi, binti yangu amekikataa kitabu changu

Barua imetoka kwa mama wa Migosi, Kisumu, anauza nguo soko la Kibuye. Nimeifupisha:

"Shangazi hujambo. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nilimtunzia The River and the Source tangu nikiwa shule, jina langu liko ndani, nikampa likizo iliyopita nikijua atafurahi. Hajafika hata ukurasa wa kumi. Lakini usiku saa tano namkuta chini ya blanketi na simu anasoma stori za mabilionea na wake zao. Nilipomuuliza akaniambia, Mum, hizo za zamani ni za mtihani. Nililia Shangazi. Nyanya yake alikuwa fundi wa kusimulia, mimi nilipenda kusoma, sasa kweli inaishia hapa?"

Dadangu pole, na hapo kulia sikulaumu. Umehama na hicho kitabu nyumba baada ya nyumba halafu mtoto anakipita mezani kama bili ya stima, lazima iume.

Lakini hebu rudi kwa yale maneno yake, ati za zamani ni za mtihani. Hajakuambia ni mbaya, amekuambia mahali alipokutana nazo. Huyo mtoto anazijua hadithi kupitia 102/3, karatasi ya Fasihi ya Kiswahili kwa mtihani wa KCSE, alama 80, na swali lenyewe sote tunalijua, eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4, nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kisa nini. Wengi kitabu chenyewe hawakimalizi, wananunua mwongozo, wanakariri maudhui na sifa za wahusika, waigizaji wakija shuleni wanaenda kutazama, basi wamemaliza. Kuna msichana wa kwetu nilifungua kitabu chake pale mama wa mhusika anakufa, pembeni ameandika kwa penseli "mbinu rejeshi" na mshale. Nilimuuliza ulisikia aje ukisoma hapa? Akaniangalia tu. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza hivyo, na hiyo iliniuma kuliko mambo ya simu.

Tena hicho kitabu anachokiita cha zamani kilitoka 1994. Wewe ukikisoma kilikuwa bado kibichi, na mwandishi mwenyewe, Margaret Ogola, alikuwa hai, daktari wa watoto hapa hapa Kenya, alituacha 2011. Kwa hivyo ulikuwa unasoma riwaya ya wakati wako, na yeye anasoma ya wakati wake.

Sasa hizo za simu. Mpwa wangu wa Nakuru alikuwa na ugonjwa huo huo, likizo moja nikamwambia leo usinifiche, nisomee. Akasoma. Kuna mke anadharauliwa na mume, mume anamfukuza na maneno machafu, kumbe mali yote ilikuwa ya mke na akitoka inatoka naye, mume anabaki akikimbiza gari barabarani. Nikamwambia ngoja kwanza, hiyo naijua! Nikamsimulia hadithi yetu Waluo ya Nyamgondho wa kule Gwassi, kando ya ziwa, yule mvuvi maskini aliyevua ajuza kutoka ziwani badala ya samaki, akamuoa, boma likajaa ng'ombe, halafu siku moja akarudi amelewa akamtusi yule mama, na mama akaamka akashika njia ya ziwani, ng'ombe wakamfuata, mbuzi wakamfuata, kuku pia, wote wakaingia majini, na mwanamume akabaki ameegemea fimbo yake pale ufuoni mpaka akageuka mti. Mpwa wangu aliweka simu chini, akaniuliza, na hakurudi? Nikasema hakurudi. Akanyamaza kidogo halafu akasema basi hiyo ni kali kuliko yake, manake kwa yake mke anarudi episodi ya mia na kitu.

Ni hapo nilielewa hawa watoto hawajaacha hadithi zetu, wanazipata zimevaa nguo nyingine na hakuna mtu wa kuwaonyesha ni zile zile. Hata mwandishi Grace Ogot wa Asembo alichukua ile ya kwetu ya binti wa chifu anayetolewa kwa ziwa ili mvua inyeshe, akaiandika kivyake, kwa Kiingereza, iko kwenye mkusanyiko wake wa 1968. Hadithi zimehama hivyo siku zote.

Kitu kimoja sitakuficha. Kwa hizo apu kuna stori mwanamume anamfungia msichana ndani, anamfuatafuata, anampiga, halafu inaitwa mapenzi. Kuna zingine ni za watu wazima kabisa. Na zinakatwa pale pabaya ili mtoto atoe pesa ama amalize bando kwa episodi inayofuata. Hizo usinyamazie, lakini huwezi kuzijua kama kazi yako ni kunyang'anya simu tu, atahamia ya rafiki yake na wewe utabaki gizani. Mwambie simu inalala sebuleni kuanzia saa nne, yako pia, sababu ni usingizi, na usitaje kusoma kabisa. Halafu Jumapili mchana, ukiwa unakunja nguo za mauzo ya kesho, mwambie akusomee anayoisoma sasa. Usikosoe. Muulize, huyu mwanamume wewe ungemkubali? Acha ajibu mpaka amalize, hata kama jibu halikupendezi.

Zamu yako ya kumsomea kitabu chako ikifika usianze ukurasa wa kwanza, hapo ndipo alichokea. Fungua pale Akoko, yule mama wa kitabuni, amefiwa na mume, shemeji anakula mali, na huyo mama anafunga safari mpaka Kisumu kumshtaki kwa serikali ya wazungu. Kisumu hii yenu! Msomee kwa sauti, kwa Kiingereza chake, ukitaka simama utafsiri kwa Dholuo vile nyanya angeisema. Usiulize maudhui. Ukiona amesogea karibu endelea, akichoka funga, kitaachwa mezani hapo hapo.

Na mwonyeshe jina lako pale ndani, umwambie ulikuwa na miaka mingapi ukiliandika na ulikuwa umekaa wapi. Halafu uniandikie tena, nataka kujua kama yule mke wa bilionea alirudi.