Jibu: Grevilea za avenyu yetu Goma zinakauka kila Julai

Jambo ndugu. Unasema miti ya grevilea mliyopanda juu ya lava ya 2002 (mawe ya volkano Nyiragongo) inakauka kila Julai ingawa mnamwagilia kila jioni. Kabla ya kulaumu jua, chomeka chuma chembamba kando ya shina. Kikigonga jiwe kwenye sentimita 20 au 30, shida ni shimo: mizizi haina pa kwenda, na maji yanapotelea kwenye nyufa za lava.

Kwa miche mipya, vunjeni lava kwa baramini (mtaimbo) mpaka shimo liwe sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Panaingia lita 200 na kitu, burueti (toroli) nne hivi: tatu udongo mweusi, moja samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza mizizi). Msitandike kokoto za lava chini eti zitunze maji. Bidoni ya lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole, inashinda vikombe vya kila jioni.

Iliyokauka, kwaruza gome kwanza. Chini kukiwa kijani, usiing'oe.

Na ile kamba ya nailoni ya kufungia mti? Ikateni leo, inanyonga shina likinenepa. Mbuzi wazuieni kwa uzio wa mianzi wa mita 1.5, usiogusa mti.